Rangi ya maji kwenye milango, fremu na makabati: shida zinazojirudia Tabora na namna ya kuzitatua

Kabla hujaanza kumlaumu fundi hebu lisome kopo kwanza. Ukienda hadiwea ukasema nataka rangi ya maji, bila kusema ya nini, utapewa ya ukutani mana ndo inayotoka kwa wingi, na hata ikiwa ni silki vinaili yenye mng'ao mzuri bado ni ya ukuta, haikutengenezwa kushikwashikwa na kugongana na fremu kutwa nzima. Ya mbao ni akriliki, na kwenye maelezo pembeni ya kopo utakuta wameandika kabisa kwamba inafaa mbao na chuma, inakuja kwa satini (mng'ao wa wastani), nusu glosi au glosi (inayong'aa sana). Alafu kuna vanishi ya maji, hiyo ukifungua kopo ni nyeupe kama maziwa ila ikikauka inakuwa angavu, unaiona mbao. Nusu ya malalamiko ya hapa chini yanaanzia kwenye kuchanganya hizi tatu, kwahiyo kila nikitaja rangi ya maji bila kuongeza neno ujue nasema akriliki ya mbao.

MLANGO UNANATA KWENYE FREMU, ukiuvuta unalia na rangi inabanduka upande mmoja

Hili ndo linaongoza. Sababu kubwa ni haraka. Rangi ya maji baada ya kama saa moja ukigusa imekauka, baada ya saa mbili mpaka nne unapiga mkono wa pili (yaani tabaka la pili), jioni watu wanafunga mlango wanalala. Sasa kukauka kwa kugusa ni kitu kimoja na kukomaa ni kitu kingine, maji yameshatoka lakini chembe za akriliki bado zinaendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe, mpaka rangi iwe ngumu kabisa ni wiki tatu mpaka nne. Ukikutanisha rangi laini ya mlango na rangi laini ya fremu, ukazikandamiza usiku kucha kwenye joto la Oktoba, zinashikana.

Sababu ya pili, umepaka ya ukutani. Hiyo haikomai kwa maana ya ugumu tunaoutaka, itanata leo na itanata mwakani. Jaribu hivi: bonyeza kucha kwenye ukingo wa mlango uliopakwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita, alama ikibaki basi ni rangi laini, hakuna dawa zaidi ya kuiparua pale inapogusana na kupaka inayofaa.

Ya tatu ni nafasi. Kati ya mlango na fremu panatakiwa pabaki kama milimita 2 mpaka 3 BAADA ya kupaka, na mlango uliopakwa mara tano miaka yote hii bila kuparuliwa umeshanenepa. Chukua kadi tatu za benki zipange pamoja uzipitishe pembeni kuzunguka mlango wote, zikikwama mahali ndo hapo penye shida.

Cha kufanya: kama ni haraka tu iliyosababisha, acha mlango wazi kadiri unavyoweza, usiku ukilazimika kufunga paka poda ya mtoto kidogo kwenye kingo, inasaidia zisishikane. Usipake mshumaa wala nta, utakuja kujuta siku ya kupaka tena, nitaeleza chini. Kama ni unene, parua kingo kwa msasa namba 120 kisha 180, piga mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito, na kingo ya juu na ya chini ya mlango nazo zipakwe. Hizo kingo mbili mafundi wengi wanaziruka kwa sababu hazionekani, na ndipo mbao inapovutia unyevu mvua zikianza Novemba, mlango unavimba, lawama inaenda kwa rangi.

Usikimbilie kupiga randa mlango katikati ya mvua. Huo uvimbe unashuka wenyewe kiangazi, na ukisharanda utabaki na mwanya wa kupitisha vumbi na panya. Na kama mlango unakwama kona moja tu ya juu, na ukutani juu ya fremu kuna ufa unaopanda kwa mshazari, weka brashi chini, hilo ni jengo linashuka au linta (boriti ya juu ya mlango) ina shida, mwite fundi ujenzi aangalie kabla hujagusa chochote.

MADOA MEKUNDU AU KAHAWIA YANATOKEZA kwenye rangi nyeupe, unapaka tena yanarudi

Huku kwetu hii haikwepeki kwa sababu mbao zetu ni mninga, mkurungu, mkongo, mtundu, na hizo zina rangi yake ndani. Mninga ukiukata ukiwa mbichi unatoa utomvu mwekundu wa damu kabisa, sasa rangi ya maji inapoilowanisha mbao inayeyusha vile vilivyomo na kuvivuta juu, rangi inapokauka doa linabaki usoni. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo kwa kiwango hicho, ndo mana wazee wanasema rangi ya maji haifai kwa mninga. Inafaa, ila chini yake panahitaji kizuizi.

Lisome doa kwanza kabla ya kununua chochote, mahali lilipo panakwambia sababu. Doa pana linalofuata mistari ya mbao ni mbao yenyewe. Doa la duara, la njano au kahawia, hasa kwenye paini zinazoletwa kutoka Sao Hill, ni fundo linatoa utomvu. Kidoti cheusi au cha bluu nyeusi ni msumari: chuma kikikutana na maji na tanini (asidi ya asili iliyomo ndani ya mbao) kinatoa weusi ule, na kikiwa chekundu cha kutu ni kutu tu ya kawaida. Doa linaloanza juu ya fremu na kushuka chini kwa michirizi, tena linazidi baada ya mvua, ni bati linavuja.

Kwa mbao isiyopakwa bado kuna kipimo rahisi sana, na ningeomba kila anayenunua fremu mpya akifanye hapohapo kwa seremala: lowanisha kitambaa cheupe, sugua mbao tupu kwa nguvu kwa muda kidogo, kikitoka na wekundu au ukahawia basi hiyo mbao itatoa madoa, hakuna mjadala.

Dawa ya doa la mbao na la fundo ni praima (rangi ya kutanguliza chini) ya kuzuia madoa, ipo ya maji na ipo ya shelaki, gundi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti. Shelaki ndo yenye nguvu zaidi hasa kwa mafundo. Parua kidogo, futa vumbi, piga praima, iache ikauke usiku mzima hata kama kopo linasema saa mbili, piga ya pili, hapo ndo unakuja na rangi yako. Kuongeza mkono wa tatu na wa nne wa rangi ileile nyeupe ni kumwaga hela, kila mkono unalowanisha mbao upya na kuvuta doa jipya. Kwa msumari, udidimize ndani kidogo, paka praima ya chuma juu ya kichwa chake, ziba na puti ya mbao, msasa, endelea. Na steliwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) usiitumie kabisa kusafishia mninga utakaopakwa rangi ya maji au vanishi ya maji, nyuzi zake zinabaki kwenye vinyweleo vya mbao na kila uzi utakuja kuwa kidoti cheusi.

Doa la bati linalovuja halina praima. Ziba bati, acha mbao ikauke, kisha paka. Na kama bati liko juu sana au dari imeshalegea usipande mwenyewe.

Kwa mtazamo wangu mninga mzuri wenye mistari yake usifunikwe na rangi nyeupe hata kidogo. Mtu amelipa hela ya mninga, mti uliochukua miongo mingi kukua kwenye miombo ya Sikonge au Kaliua, alafu anaufunika ufanane na MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa. Mpe vanishi. Rangi nyeupe iwekee paini na zile mbao mchanganyiko.

RANGI INABANDUKA VIPANDE VIPANDE, ukikwangua kwa kucha inatoka na chini yake panang'aa

Ukishaona chini panang'aa jibu umeshapata, ilipakwa juu ya glosi ya mafuta ya zamani bila kupigwa msasa. Akriliki inahitaji pa kushika, na glosi kavu haina.

Kama huna uhakika iliyopo chini ni ya aina gani, chukua pamba yenye spiriti usugue sehemu iliyojificha. Rangi ikilainika na kuja kwenye pamba ni ya maji, isipotikisika ni ya mafuta. Kisha kujua kama iliyopo imeshika vizuri kiasi cha kupakiwa juu, chora alama ya X kwa wembe mpaka ufike kwenye mbao, bandika selotepu, kandamiza, ivute kwa mkupuo. Ikija na vipande, yote inatakiwa itoke, usijidanganye kwamba utaipaka juu ikashika.

Sababu nyingine kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea: mafuta na masizi ya jikoni ambayo hayakuoshwa (mlango wa jiko la mkaa unaweza kuonekana safi na bado una utando), rangi ya ukutani, na fundi aliyezidisha maji ili kopo lifike. Hilo la mwisho liko sana. Kopo nyingi zinaruhusu asilimia 5 mpaka 10 tu, yaani kwenye lita 4 ni mililita 200 mpaka 400. Zaidi ya hapo gundi ya rangi inakuwa haitoshi, rangi inapauka na kutoa unga ukiifuta kwa kiganja.

Kurekebisha: kwangua yote iliyolegea, osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza vizuri mara mbili mana sabuni iliyobaki nayo inazuia rangi isishike, acha ikauke, msasa 120 mpaka mng'ao uishe wote alafu 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, praima ya kushikia, mikono miwili ya satini. Sio kazi ya siku moja na anayekwambia ni ya siku moja ataiacha mbao inang'aa chini.

SIMAMA HAPA kama nyumba ni ya zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na bado kuna nyumba za enzi hizo na za miongo iliyofuata zenye milango na fremu zake zilezile zilizopakwa tabaka juu ya tabaka. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto wadogo, halina dalili ya haraka utakayoiona. Usipige msasa mkavu, usichome kwa gesi, usiwaache watoto wala mama mjamzito ndani wakati wa kukwangua. Kama rangi bado imeshika, iache ilivyo, ioshe, lowanisha kidogo na pitisha msasa wa maji kwa wepesi, funika kwa praima. Kama inabanduka yenyewe kwa wingi tafuta mtu anayeijua kazi hiyo na mwenye vifaa vya kujikinga.

MALENGELENGE

Pasua moja kwa wembe uangalie ndani. Ukikuta mbao tupu, unyevu umetoka ndani ya mbao ukaisukuma rangi. Ukikuta rangi ya zamani, tatizo ni kushika au ni jua lilipiga wakati unapaka, rudi kipengele cha juu.

Mbao mbichi ndo sababu namba moja. Mbao imepasuliwa mwezi uliopita, seremala kaichongea fremu wiki iliyopita, leo unapaka. Kipimo: bandika kipande cha nailoni juu ya mbao, ziba pande zote kwa selotepu, lala nayo. Asubuhi ukikuta matone ndani ya nailoni, subiri. Kingine ninachokiamini zaidi ni mzani wa duka: mwombe seremala kipande kilichokatwa kwenye mbao ileile, kipime leo, kipime baada ya wiki, kama bado kinapungua uzito basi mbao bado inakauka. Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei mpaka Oktoba, kinakausha vizuri sana, mbao ukizipanga na vijiti katikati kivulini zinapata hewa. Kigoma karibu na ziwa unyevu ni mwingi zaidi na wakati wa mvua mambo yanaenda polepole, huko mtu aongeze muda, hata kati ya mkono na mkono.

Malengelenge yakiwa kwenye skatingi (ubao wa chini ya ukuta) au chini ya fremu tu, tena ukuta wa upande wa pili ni bafu, ni bomba au ukuta unaopandisha maji. Fundi bomba kwanza. Na ukigonga mbao ikalia tupu, au ukaona njia za udongo zinapanda, au unga mlaini unadondoka kwenye vitobo vidogo, huo ni mchwa au bungua, usipake wala usipulize dawa kwa kubahatisha ndani ya nyumba mnayolala, aitwe mtu wa dawa za wadudu.

RANGI INAKIMBIA, inaacha vijishimo vya duara

Kuna mafuta au nta. Sisi wa Tabora ni watu wa asali, na nta ya nyuki haikosekani, kuna majumba kabati na meza zimesuguliwa nta miaka na miaka, zinapendeza kweli ila rangi ya maji haitakaa juu yake. Polishi za dukani zenye silikoni ni mbaya zaidi ya nta. Dondosha tone la maji: likikaa duara bila kusambaa, bado pana nta.

Futa kwa tapentaini au waiti spiriti, na siri iko kwenye vitambaa, badilisha kila mara, ukitumia kimoja unaisambaza tu. Mafuta ya taa usitumie, yanaacha utando wake. Fungua madirisha, zima jiko, na vile vitambaa vianike nje vimetandazwa mpaka vikauke, usivirundike. Rudia kipimo cha tone. Kama ni silikoni na baada ya kusafisha mara kadhaa rangi bado inakimbia, piga shelaki kwanza.

BRASHI IMEACHA MICHIRIZI, au panaonekana pale ulipounganishia

Joto na ukavu. Septemba na Oktoba mchana rangi inakauka kabla haijajilaza, na fundi akiona inavuta anarudia kuipitia, hapo ndo anaiharibu. Paka asubuhi au jioni, funga dirisha linaloleta upepo na vumbi, lowanisha brashi kidogo kabla ya kuichovya, tumia brashi ya nyuzi za plastiki mana ya manyoya inanyonya maji inalegea. Ubao mmoja wa mlango umalize kwa mkupuo, usirudi nyuma. Iliyoharibika tayari iache ikauke siku kadhaa, msasa 220, mkono mmoja mwembamba.

MBAO IMESIMAMISHA NYUZI, inakwaruza mkono

Kawaida kabisa, maji yamevimbisha nyuzi. Baada ya mkono wa kwanza pitisha msasa 220 au 240 kwa wepesi, futa, endelea. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, na mwenye pumu asiifanye hii kazi.

VANISHI YA MAJI: mapovu, ukungu, au mninga umepoa rangi

Mapovu ni kutikisa kopo. Koroga polepole kwa kijiti. Ukungu mweupe ni mikono mizito au iliyopigwa kabla ya chini kukauka, mara nyingi unaondoka wenyewe kwa siku chache, usipoondoka ni msasa na kurudia.

La tatu wengi wanadhani wameuziwa feki. Vanishi ya mafuta ina unjano wake unaopasha mninga joto na kuutoa ule wekundu wa asali, ya maji haina unjano huo, wala haitaupata baadaye. Ukitaka mwonekano ule na bado unataka faida za maji, kwamba haina harufu kali na haigeuki njano, tanguliza mkono mmoja wa shelaki ya rangi ya kaharabu iliyotolewa nta, ikikauka pitisha msasa mlaini, ndo uje na vanishi ya maji. Ijaribu kwenye kipande pembeni kwanza.

ALAMA ZA MIKONO HAZITOKI, au kila kasoro inaonekana

Hapa ni chaguo la mng'ao tu. Mati, yaani isiyong'aa, inaficha mabonde lakini inakunywa uchafu, ukiisugua inang'aa kiraka, iweke kwenye dari ya mbao isiyoguswa. Glosi inafutika vizuri ila inaonyesha kila puti na kila mkwaruzo, kwahiyo ni ya mbao iliyoandaliwa kwa umakini. Kwa milango, fremu, skatingi na makabati ya nyumba yenye watoto mimi nasimama na satini, mlango wa jikoni na wa choo nusu glosi. Na usifute kwa nguvu wala kwa sabuni kali ndani ya zile wiki nne za mwanzo, kitambaa chenye unyevu kinatosha.